Kituo cha Saba Kilikuwa Paa la Mtu

Mguu wangu wa kulia ulitoboa paa la nyumba ya bibi mmoja kule Nambis wakati nikiwasomea maofisa wawili wa mkoa sentensi niliyoitunga mwenyewe: "Hapa mtembezi atasimama juu ya kilima kisicho na makazi, autazame mji." Nilizama mpaka kwenye paja. Mguu wa kushoto ulibaki juu pamoja na karatasi. Chini ya nyasi, mahali ambapo kwa mujibu wa maandishi yangu hapakuwa na mtu, kulisikika kikohozi, kisha kimya cha mtu anayetazama kiatu kikining'inia juu ya jiko lake.

Sikujua la kufanya, nikaiamkia ardhi.

"Shikamoo."

"Marahaba," ardhi ikajibu. "Mlango uko chini."

Ingekuwa kichekesho tu, kama nyumba ile ingekuwa na ruhusa ya kuwepo. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji. Mteremko ule wote ulikwisha kuandikwa kwamba umehamwa, watu wako kijijini kando ya barabara. Nyumba ya zamani iliyokutwa na mtu ndani iliezuliwa paa, ili mwenyewe asipate sababu ya kurudi. Wale maofisa wawili walikuja Mbulu kukagua jambo hilo hilo. Mimi ndiye niliyewapeleka pale, na wala hawakuniomba.

Nieleze kwa utaratibu.

Nilikuwa msaidizi wa Bwana Habari wa wilaya, kijana kutoka Tabora, mwenye daftari lililopigwa mistari ya safu nne na imani kwamba kitu kikishapimwa na kuandikwa kimekuwa kweli. Kazi yangu ilikuwa kubandika matangazo na kuandika gazeti la ukutani, ambalo mbuzi walilipenda kuliko wananchi.

Mkunga mmoja wa Kizungu, akirudi kwao kutoka hospitali ya Haydom, alikaa siku mbili pale mjini akisubiri gari, akanigawia vitabu asivyoweza kubeba. Ndani ya kimoja kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya Kiingereza, ya kumtembeza mgeni katika mtaa wa kale wa mji mmoja wa Hispania. Ilikuwa imepangwa kwa namba. Ligeuzie kanisa mgongo. Tembea hatua arobaini. Inua macho, juu ya mlango wa nne utaona kichwa cha simba cha jiwe. Pinda kushoto uingie uchochoro walimokaa wafua fedha. Mwishoni panda ngazi mpaka mahali pa juu, uutazame mji.

Kilichonistaajabisha hakikuwa simba. Kilikuwa kwamba mgeni angeweza kumaliza mtaa mzima bila kumwuliza mtu lolote. Kwetu, anayepita mtaa mzima bila kusimama kusalimia ni mgonjwa au mwizi. Mimi nikaona hayo ndiyo maendeleo. Kwa wiki tatu nilitembea Hispania chumbani mwangu, kati ya kitanda na sanduku, nikipinda kushoto kwenye ndoo ya maji. Niliujua uchochoro wa wafua fedha kabla sijajua jirani yangu anafanya kazi gani.

Basi nikaamua Mbulu nayo ipate karatasi yake. Palikuwa na Boma la Wajerumani, maduka ya Wahindi yenye baraza ndefu, kanisa, msikiti, mahakama. Nikaanza kupima kwa hatua kutoka mlango wa Boma. Siku ya kwanza mgambo alinisimamisha. Aliniangalia nilivyokuwa nahesabu midomo ikichezacheza, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia natembea. Akauliza nikifika huko nitafanya nini. Nikamwambia nitarudi hapa hapa. Uzururaji ulikuwa kosa, naye alikuwa na haki kabisa ya kunishika. Aliniachia kwa sababu ya kalamu mbili mfukoni.

Yule mama mpiga chapa wa ofisi alipomaliza kuchapa stensili aliniuliza jambo moja. "Baba, huyo mtu wa kuja Mbulu kutembea bila shughuli, wewe unamjua?" Nikamjibu kwamba atakuja. Alizungusha mashine ya kudurufu, akanipa nakala ishirini zenye harufu ya wino.

Kwa kuwa karatasi ya Hispania iliishia mahali pa juu, yangu nayo ilibidi iishie mahali pa juu. Ndiyo maana kituo cha saba, tofauti na vingine sita, kilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja nje ya mji, upande wa Nambis. Nilikifikia kwa kushuka kutoka kwenye ukingo wa kilima. Nilipata sehemu tambarare, nyasi nzuri, mbuzi mmoja amesimama katikati. Niliandika: panafaa. Niliandika pia, kwa uangalifu ninaousifu mpaka leo, kwamba mahali hapo pana ukungu mwembamba unaotoka ardhini hata saa nane mchana.

Mtoto yeyote wa Nambis angeniambia ukungu ule ni moshi wa nini. Nyumba za zamani za wenyeji zilichimbwa ndani ya mteremko. Nyuma ni kilima chenyewe, juu ni miti iliyolazwa na kufunikwa udongo na majani, nyasi zikaota, mbuzi wakapanda. Ukitoka juu huoni nyumba, unaona kilima kinaendelea. Walizijenga hivyo zamani ili adui anayekuja kupora ng'ombe apite bila kujua. Kwa sababu hiyo hakuna mwenyeji anayekwenda kwa mtu akitokea juu. Utazunguka, utokee chini, usimame mbali na ua, ukohoe, uitwe. Lakini mimi nilikuwa na karatasi ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kutomwuliza mtu.

Maofisa wa mkoa walipofika na kumaliza vikao vyao siku moja mapema, bosi wangu alitafuta cha kuwashughulisha mchana mmoja. Akawapa karatasi yangu. Halafu, kwa kuogopa wasipotee, akanituma niwaongoze. Kwa hiyo matembezi ya kwanza ya kujiongoza mwenyewe katika historia ya wilaya yetu yaliongozwa na mimi. Ofisa mkubwa alikuwa mtu wa makamo, mrefu, miguu kama ya korongo. Hatua zangu tisini za kutoka Boma mpaka baraza la maduka zilimwingiza yeye kwenye stoo ya mbolea. Alicheka, akasema labda huko Nambis nitampeleka Singida. Mwenzake, kijana, alibeba mkoba na kuandika kila kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Tulipofika juu ya kituo cha saba, nilifungua karatasi, nikasonga mbele hatua mbili ili sauti isikike vizuri, na mengine nimekwisha kuyasema.

Walinivuta. Kwenye tundu nililoacha ulitoka moshi mzito, na hata mimi sikuuita ukungu. Balozi wa nyumba kumi, mzee aliyekuwa na mifugo jirani, alikuwa amekwisha kutuona kwa mbali, akaja mbio. Alianza kujibu kabla hajaulizwa.

"Hiyo ni stoo, ndugu."

"Stoo inaitikia shikamoo?" ofisa mkubwa akauliza.

"Kuna mtu anailinda."

"Anailinda huku anapika?"

"Mlinzi naye lazima ale, ndugu."

Tulizunguka mpaka chini. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, shuka begani. Ofisa mkubwa alivua kofia, akamwamkia kwa heshima zote, na bibi akaitikia, akauliza habari za nyumbani kwake, za watoto, za safari. Alijua Kiswahili cha mnadani, kifupi na cha kutosha. Mimi aliniangalia kuanzia kwenye kiatu kwenda juu.

Ofisa alimwuliza kwa upole kwa nini hajahama.

"Nimehama," bibi akasema. "Nimeandikwa kule kijijini, kwa mwanangu. Ng'ombe ndio hawajaandikwa."

Nilimwona ofisa akiuma mdomo asicheke. Kisha alikumbuka kazi yake. Alichukua karatasi yangu, akatoa penseli, akaizungushia namba saba duara. Akanigeukia.

"Bwana Habari, hapa umeandika hakuna makazi. Pana muhuri, pana sahihi yako. Sisi tunaondoka kesho asubuhi. Kabla ya hapo nataka uniandikie upya: pana makazi au hapana?"

Balozi alitazama chini. Kila mmoja pale alielewa. Nikiandika pana makazi, lori litakuja na paa litaezuliwa, balozi naye ataulizwa amehesabu nini. Nikiandika hapana, nitakuwa nimesema uongo kwa sahihi yangu, mimi niliyewahi kumkemea mpiga chapa kwa kukosea hatua tatu za mahakamani.

Maofisa waliteremka na balozi kuelekea barabarani lilipokuwa likiwasubiri Landrova lao. Mimi bibi alinizuia. Alisema niandike ninavyoandika, lakini tundu nilizibe leo.

Nilikata fito alizonionyesha, nikazikosea urefu. Nilibeba majani. Nilikoroga udongo na samadi kwa mikono hii iliyozoea stensili. Mara mbili alinifumulisha kazi yangu, akisema mvua haitadanganyika. Yeye alikaa uani akikamua, na ni katika kukamua huko, bila kugeuza kichwa, aliponiuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Wakija, lori litakuja asubuhi au jioni?"

Nikasema sijui, mama.

"Si wewe ndiye unayeandika?"

Alitaka kujua ili apange kukamua. Ng'ombe asiyekamuliwa anateseka, alisema, na watu wa lori hawatamsubiri.

Nilirudi mjini jua likiwa bado lipo, nikaingia ofisini na samadi yangu, nikachapa kwa vidole viwili: "Kituo cha saba kimefutwa. Mahali hapo pana stoo ya wananchi, upana hatua kumi na mbili, haipafai watembezi." Kuna kosa la lugha humo, na lilinikera kuliko uongo. Niligonga muhuri. Kumbe hata kudanganya sikuweza bila kupima.

Asubuhi nilimpa ofisa mkubwa karatasi ile mlangoni mwa nyumba ya wageni. Aliisoma mara mbili. "Stoo," alisema, kama anayeonja chumvi. Akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati, mfuko ule ule wenye karatasi ya kwanza na duara lake. Gari likaondoka. Karatasi mbili zinazopingana, zote na sahihi yangu, zilikwenda Arusha zikigusana.

Wiki zilizofuata, kila lori lililoelekea Nambis nililisikiliza mpaka mlio wake upotee. Nilikuwa na sababu nzuri kila siku ya kutokwenda kuangalia. Ripoti ya robo mwaka. Matangazo ya chanjo. Mvua. Halafu nikahamishiwa Katesh, nikafurahi, na nikajidai nimesikitika.

Huko habari zilinifikia mbili. Dereva mmoja alisema mapaa kadhaa yaliezuliwa upande ule kabla ya masika, lakini hakuweza kutofautisha nyumba moja na nyingine. Yule mama mpiga chapa alikuja Katesh kwenye harusi, akaniambia alipita chini ya mteremko na akaona kilima tu, nyasi na mbuzi. Hilo halikunisaidia, maana ndivyo nyumba ile inavyoonekana ikiwa nzima.

Mwaka uliofuata kazi ilinipeleka Nangwa siku nne kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu mwenyeji wangu, katika mazungumzo, alitaja familia moja iliyompokea mama mzaa mke kutoka Nambis, na maelezo yake yakafanana na ya bibi yule. Safari hii nilikwenda kama watu wanavyokwenda: nilitokea chini, nikasimama mbali na ua, nikakohoa mpaka nikaitwa.

Mkwe alikuwa mtu mkarimu. Ndiyo, alisema, bibi yupo kwao tangu masika, na alikuja na ng'ombe wawili. Nikamwuliza alikuja kwa lori au kwa miguu. Nilijitahidi swali liwe jepesi, kama la mtu anayejaza fomu, na nadhani alidhani ni fomu. Akafikiri. Siku ile alikuwa shambani, alisema. Aliporudi jioni alimkuta bibi amekwisha kukaa jikoni, na ng'ombe wako uani wanatafuna. Nikasema ng'ombe wakija, basi ni kwa miguu. Akasema hapana, malori ya Operesheni yalibeba ng'ombe pia. Mke wake naye alikuwa kisimani.

Kwa nini nisimwulize mwenyewe, akasema. Bibi alikuwa amepelekwa Haydom kutibiwa macho, na angerudi na basi wakati wowote wiki hiyo.

Nilibakiza siku mbili Nangwa. Siku zote mbili basi lilipita, likashusha watu, na yeye hakuwemo.