Asajile, Mwanzilishi wa Kanisa

Watu wa Ikinga wakikuambia Asajile ndiye aliyeleta Umethodisti kwetu, usibishe. Ameshajitangaza vya kutosha. Aliuza mablanketi Tunduma, mpakani, miaka minne, akasali na wafanyabiashara Wazambia, kisha akarudi na tai, daftari, na cheo cha kiongozi wa darasa. Wamethodisti hao hugawanyika katika madarasa ya watu kumi na wawili hivi, na kiongozi humtembelea kila mmoja kila wiki kumuuliza roho yake inaendeleaje. Mtu asiyejua hata mbuzi wake wanaendeleaje!

Darasa la kwanza lilikuwa la wanawake kumi, na aliyewakusanya si yeye. Ni Yunisi, binti wa mama Gwantwa, aliyefungua sebule yake na kupika chai. Asajile alikunywa chai, akaandika majina.

Mama Gwantwa, naye mmoja wa wale kumi, alipougua, Asajile aliendelea kumtembelea, hilo nakiri. Alisimama mlangoni ili asivue viatu.

"Roho yako inaendeleaje, mama?"

"Roho haijambo, mwanangu. Kifua ndicho kinaniua."

Akaandika "haijambo", akaenda zake.

Mama akafariki Alhamisi. Kwetu kanisa lako ndilo linalokuzika. Asiye na kanisa hufukiwa kimyakimya, na aibu hiyo hubaki na wajukuu. Kanisa letu kubwa, alilolihama, likasema halimjui. Mchungaji wa Kimethodisti alikuwa Tunduma. Basi ikabaki kwa Asajile.

"Mzee, kesho utatuongoza kumzika mama," Yunisi alimwambia.

"Ngoja nimfuate mchungaji," akajibu, jasho likimtoka katika baridi ile ya Ileje. Ibada ya mazishi hakuijua hata mstari mmoja. Akapanda bodaboda, akatoweka.

Wakamngoja hadi Jumamosi saa tisa mchana. Maiti haikuweza kungoja tena. Yunisi akafungua Biblia kando ya kaburi la mama yake, akasoma, akaomba, sauti ikimkatika kila mara. Wenzake wanane wakaimba, wakatupia udongo. Sijaona mazishi yenye heshima kama yale.

Asajile alifika Jumatatu na mchungaji, akamwonyesha kaburi. "Hapa ndipo nilipoanzia kazi," akasema, bila haya. Mchungaji akamuuliza Yunisi nani aliyezika.

"Sisi," akajibu, akaingia jikoni.

Leo wamezidi sitini. Wote wamemfuata Yunisi, lakini mikutanoni anayesimama kueleza jinsi kanisa lilivyoanza ni Asajile, na tai yake.

Nimemcheka sana mtu huyu. Ila yeye alikimbia, mimi nilikuwepo. Nilisimama penye migomba pamoja na kwaya yetu, watu thelathini, midomo tumeifunga kwa agizo la wazee wa kanisa letu kubwa, tukiwasikiliza wale wanawake wakiimba peke yao. Na kuimba kwenyewe nilifundishwa na mama Gwantwa.