Maiti Aliyepumua

Adela wa Greenbelt, Marekani, hakuwa mtu wa sinema. Mchana alipanga mafaili katika ofisi za kaunti kule Upper Marlboro, jioni alipika, Jumapili alikwenda kanisani. Lakini kulikuwa na filamu moja ya kutisha, ya Uingereza, aliyoijua nje ndani, na ungemuuliza angekuambia bila haya kwamba ni mbovu kuliko zote.

Ilihusu shule ya bweni ambamo mzimu wa mwalimu mkuu unawanyonga walimu mmoja mmoja. Fedha ziliwaishia watengenezaji mapema, naona mimi, maana korido ni ile ile kila wanapokimbilia, na mzimu wenyewe umevaa raba. Hata maiti waliwapungukia. Ndipo wakamwokota Sebastian, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisomea umeme chuo cha jirani, wakamfunga tai na kumlaza sakafuni awe mwalimu wa hesabu aliyeuawa. Ujira wake ulikuwa sahani ya chipsi na chai.

Miaka ikapita. Sebastian akamwoa Adela, wakahamia Marekani, na siku moja akaikuta filamu yake kwenye duka la kukodisha kanda karibu na nyumbani. Alipiga kelele mle dukani kama aliyekutana na ndugu yake. Tangu hapo kila Krismasi waliikodi. Wageni walitoka mpaka Manassas, mwendo wa saa nzima kwa gari, wakala pilau, kisha wakazisubiri zile sekunde kumi na moja za Sebastian. Kwa sababu Sebastian hakujua kufa. Kamera ilimkaribia, na tumbo lake likapanda na kushuka waziwazi.

"Acha kupumua, bwana! Unatuaibisha!" Adela alipaza sauti kila mwaka, na sebule nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni maiti mwenyewe.

Machi 1997 moyo wa Sebastian ulisimama akiwa kazini. Adela hakuikodi tena filamu ile. Maneno yake mwenyewe yalimsuta. Alijua ni upuuzi, mtu hafi kwa utani wa mkewe, lakini alikuwa amemwambia mara ngapi aache kupumua? Hilo hakumwambia mtu, hata padri.

Novemba ya mwaka uliofuata Haki akapiga simu. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi aliyeuza pale dukani. Alijifunza Kiswahili chuoni, na alikisema kwa usafi uliowatia aibu Watanzania.

"Shikamoo, Mama Elieth. Duka linafungwa Jumamosi, na kanda zote zinachukuliwa. Ile ya Mzee Sebastian, je, nikuwekee?"

"Marahaba, mwanangu. Niache kwanza nifikirie."

Alifikiri siku tatu. Picha za mumewe alikuwa nazo tele, zote zimetulia kimya. Harusi yao hakuna aliyeirekodi. Nje ya kanda ile, hapakuwa na mahali popote ambapo Sebastian alikuwa bado anajongea. Jumamosi foleni ya magari ikamchelewesha, akafika akihema, akakuta maboksi yameshapakiwa na lori limeondoka. Haki alikuwa amesimama mlangoni, kanda ameificha ndani ya koti.

Alasiri hiyo hiyo Adela akaketi na binti yake Elieth, wa miaka kumi na minne, aliyeelewa Kiswahili chote lakini alizoea kujibu kwa Kiingereza. Korido ikaja. Raba zikaja. Kisha Sebastian sakafuni, kijana mwembamba, tai imempinda.

Elieth alimtazama mama yake, akiungoja ule ukelele. Ulipochelewa akajaribu mwenyewe, kwa Kiswahili cha mama yake: "Acha kupumua, bwa…"

"Hapana!" Adela akamshika mkono. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Mwache, mwanangu. Mwache apumue."

Akaisogelea televisheni. "Pumua, Baba Elieth. Nilikuwa nakutania tu."

Tumbo likapanda, likashuka, likapanda tena. Kisha ikarudi ile korido. Elieth akachukua rimoti, akairudisha kanda nyuma bila kuambiwa.