Mguu wa Nyuma wa Ng'ombe

Deki ya video ya pale studio ya harusi, Mikumi, ilikuwa na mlio wake: kich, mkanda unavuta kidogo, halafu kich tena. Nilikuwa na miaka kumi, nadhani, au kumi na moja, sina hakika. Kaka yangu Mabula alifanya kazi hapo, na mwenye studio alimruhusu kutumia kompyuta mchana kukiwa hakuna wateja. Alichora ng'ombe anayetembea, picha moja moja, kila moja ikitofautiana kidogo sana na iliyotangulia. Kisha tukawa tunazihamishia kwenye mkanda: yeye analeta picha kwenye skrini, mimi naachia deki irekodi, nahesabu moja, mbili, nasimamisha. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo picha ikishaingia kwenye mkanda aliifuta. Baba alikuwa amesema atakuja kutoka Tindiga kuiona hiyo kazi. Ikimridhisha, kaka ataenda Morogoro kusomea kompyuta. Isipomridhisha, atarudi kuchunga.

Siku ya mwisho kaka alitumwa Kilosa kupeleka kanda za harusi, akaniachia picha zilizobaki nizimalizie na kuzifuta. Nje wenzangu walikuwa wanacheza rede, nawasikia wakiitana. Picha za mguu wa nyuma zilifanana mno machoni pangu, nikaona hata nikiruka mbili tatu nani atajua. Niliruka zaidi ya hizo. Nikafuta zote.

Baba alikaa mbele ya televisheni, fimbo yake magotini. Ng'ombe alitembea vizuri, kisha akaanza kuchechemea. Baba akacheka, akamuuliza mwenye studio kama huyo ni wa kuchinjwa. Halafu akamgeukia kaka.

"Umezaliwa zizini, na hujui ng'ombe anavyonyanyua mguu. Twende ukawaangalie vizuri."

"Sawa, baba," kaka alisema. Hakunitazama, alikuwa anapekua daftari alimoandika hesabu ya picha.

Sitaki kumsingizia baba. Labda angemchukua hata kama ng'ombe angetembea sawasawa. Siwezi kujua, na huko kutojua nimejitakia mwenyewe. Leo mwanangu anatengeneza vikatuni kwenye simu, akikosea anarudia palepale. Mwezi uliopita kaka alikuja kutoka Tindiga kutusalimia, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Mimi nilikosea hesabu, mjomba," akamwambia. "Wewe hesabu taratibu."

Nilikuwa hapohapo, namenya ndizi, nikachukua nyingine.