Ngoma ya Radi Ilipompigia Goshi

Iko Jumapili moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, mpaka leo masikio yananiwaka moto. Nitakusimulia, maana jana nilikuona pale sebuleni ukimcheka dada yako Nsimire. Mchezaji wake wa basket kule Amerika amehamia timu nyingine, na Nsimire amehama pamoja naye, jezi mpya mgongoni, bila hata kuiaga timu ya zamani. Ukamwambia hana msimamo. Mkacheka sana, wewe na binamu zako. Mimi nilinyamaza, kwa sababu maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi, tena kwa ngoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikaa Nyawera, juu kidogo ya soko, na mtaa wetu ulikuwa na timu ya basket iliyoitwa Radi. Uwanja wenyewe ulikuwa saruji tupu yenye nyufa, na watazamaji walikaa kwenye ngazi za mawe pande mbili: sisi upande wa barabara, wageni upande wa ukuta. Kila Jumapili baada ya misa ya pili watu walishuka pale na nguo zao za kanisani. Mimi nilikuwa mpiga ngoma wa Radi, na usidhani hiyo ilikuwa kazi ndogo. Watu walinipisha njiani. Nilijipaka rangi ya timu, manjano, mpaka kwenye viatu, na mvua ikininyeshea nilibaki na vidole vya miguu vya manjano juma zima.

Radi ilikuwa na mchezaji mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Alitupa mpira kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana tulimwita Goshi, kwa Kifaransa chetu cha barabarani. Na kwenye ngazi ya tatu, kila Jumapili, aliketi msichana mmoja mshonaji wa nguo, jina lake Faida. Ndiyo, huyo huyo koko yako, bibi yako mwenyewe. Yuko jikoni anasikiliza, kwa hiyo leo siwezi kutia chumvi nyingi.

Msimu mmoja Goshi akaiacha Radi akaenda Kivumbi, timu ya mtaa wa Kadutu, watu ambao sisi hatukutaka hata kuwasikia wakikohoa. Mtaa mzima ulinuna. Jumapili iliyofuata nikatazama ngazi ya tatu: Faida hayupo. Juma la pili hayupo. Kisha nikasikia kwamba yuko Kadutu, amejifunga kitambaa chekundu cha Kivumbi kichwani, anampigia Goshi makofi.

Nilikasirika kuliko kocha. Nikatunga wimbo. Sitakuimbia wote, koko yako atatoka na mwiko, lakini ulisema kuna kipepeo wa Nyawera asiyejua nyumbani kwake, leo yuko kwenye ua la manjano, kesho kwenye ua jekundu. Watu waliupenda mno. Wabeba mizigo waliuimba wakipanda mlima na magunia mgongoni. Faida akienda sokoni kununua uzi, wimbo ulimtangulia mbele na kumsindikiza nyuma.

Sasa sikiliza ajabu yake. Radi walianza kushinda hata bila Goshi, na mimi sikuona ladha yoyote. Nilipiga ngoma kama mtu anayetwanga mihogo ya jirani. Macho yangu yalibaki kwenye ngazi ya tatu, ambako sasa alikaa baba mmoja mnene aliyekula karanga na kutema maganda. Siku moja Radi hawakuwa na mchezo, nikajikuta Kadutu. Niliwaambia rafiki zangu kwamba nimekwenda kuwapeleleza wapinzani. Jumapili nyingine nikapeleleza tena. Nilipeleleza miezi mitatu, mwanangu, na ungeniuliza Kivumbi wanacheza namna gani nisingekuwa na jibu, lakini ningekueleza Faida, pale kwenye ngazi yake mpya, ya pili, alivaa nini kila siku, mpaka vifungo.

Kiongozi wa wafuasi wa Radi alikuwa Papa Birindwa, fundi viatu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja kuniomba taarifa za upelelezi wangu. Nikakuna kichwa, nikamwambia Kivumbi wako na nguvu sana upande wa ngazi ya pili. Akanitazama kwa muda juu ya miwani yake.

"Ngazi haichezake basket, mutoto," akasema, akaenda zake.

Ikafika siku ya Radi kukutana na Kivumbi kwenye uwanja wetu. Mshindi ndiye angevuka ziwa kwenda Goma kuuwakilisha mji. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Zikabaki sekunde chache, sisi tuko mbele kwa pointi moja. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele ya kumvuruga kila mwekundu aliyegusa mpira. Mpira ukamfikia Goshi pembeni kabisa, naye akainua ule mkono wa kushoto.

Watu wote walitazama mpira. Mimi nilitazama ng'ambo. Faida alikuwa amesimama, viganja mdomoni, hapumui. Kisha nikamwona anaruka juu, kitambaa kikamtoka kichwani, anacheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nami nikafurahi. Nilifurahi kwa moyo wote, na mikono yangu, bila kuniomba ruhusa, ikapiga mdundo wa ushindi wa Radi, ule mrefu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata wachezaji wa Kivumbi walisahau kushangilia, wakageuka kunitazama. Katikati ya ngazi zilizojaa watu wa manjano, mtu mwenye viatu vya manjano alikuwa ameshangilia kikapu kilichotuua. Nilijaribu kuugeuza mdundo uonekane kama wa maombolezo, lakini hapo nilizidi kuharibu.

Tukashindwa kwa pointi moja. Wengine walitaka kunivalisha ile ngoma kichwani. Papa Birindwa akawatuliza kwa mkono, akachukua fimbo za ngoma mikononi mwangu taratibu, akaketi pembeni yangu. Akaniuliza ninamfuata nani. Nikasema Radi. Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile. Safari hii macho yangu yakaenda upande wa ukuta.

"Kufwata mutu haiko aibu," akaniambia. "Ule binti alihama mchana, watu yote waliona. Wewe ulihama tangu zamani, na ungali unavaa manjano, na ungali unamuimbia yeye wimbo. Hapo ndipo aibu iko."

Akaniambia ngoma ibaki pale, na mimi niende nikamwombe Faida msamaha.

Jumatatu nikaenda kwenye kibanda chake cha ushonaji. Alikuwa anakata kitambaa, na hapo ndipo nilipoona kwamba anashika mkasi kwa mkono wa kushoto. Miezi yote ile ya kumtazama, nilitazama uso na nguo tu. Nikaomba msamaha kwa ajili ya wimbo. Akaendelea kukata. Basi nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza kabla ya kutunga hata mstari mmoja: kwa nini Goshi?

Akaweka mkasi chini, akanyoosha vidole mbele yangu. Viwili vilikuwa vimepinda kidogo kwenye viungo.

"Mwalimu alizipiga na règle, ile rula ya mbao, miaka mbili," akasema, "juu ya vile nilikuwaka naandika na kushoto. Nyumbani pia, sahani ikipita, naambiwa badirisha mukono. Nikazoea kuuficha. Sasa siku moja naona ule mutu anatupa mupira na kushoto, na watu yote wanasimama wanapiga makofi, na hakuna hata mumoja alimuambia abadirishe mukono."

Akaushika tena mkasi. Kisha akasema Radi haikumkosea kitu, ni timu nzuri, ila yeye hakuwahi kuja kwa ajili ya Radi.

Hakunisamehe siku ile, usidhani. Alisema wimbo nilioutunga mbele za watu nitaufuta mbele za watu, peke yangu, bila ngoma. Jumamosi nikasimama katikati ya soko la Nyawera nikaimba wimbo wa kumsifu kipepeo. Bila ngoma, mwanangu, sauti yangu ni kama mlango unaohitaji mafuta. Maman mmoja muuza samaki aliniomba kwa heshima nisogee mbali kwa sababu wateja wanakimbia. Faida alikuwa amesimama pembeni. Alijikaza, akajikaza, mwishowe akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la maharagwe.

Mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Nilimsindikiza kwa boti mpaka Goma kumwona Goshi akicheza, na tangu mbele ya Kalehe, mji wa njiani, mpaka tunafika nilikuwa nimeinamia maji, natapika. Nikabaki nimelala bandarini, sikuona kikapu hata kimoja. Goshi akazeeka, magoti yakamsumbua, akahamia timu mbili nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Faida alishona kitambaa cha kila rangi. Katika mchezo wake wa mwisho Goshi alikaa kwenye benchi karibu muda wote, na koko yako alimpigia makofi alipoinama kufunga kamba za viatu. Mimi Radi walinipokea tena baada ya mwaka, nibebe maji. Mpaka leo ninawapenda, wakishinda au wakishindwa, na wala simwoni Faida kuwa amepotea.

Basi, mwanangu, nisikie. Mtu anayependa timu amepata ukoo. Huyo yuko sawa. Mtu anayempenda mchezaji mmoja, mara nyingi ameona kwake kitu kinachomhusu yeye mwenyewe, na kitu hicho hakibaki kwenye jezi ya zamani mchezaji akihama. Anaenda nacho. Naye asimfanye mchezaji huyo malaika, maana atakosa vikapu na atazeeka kama sisi sote. Mimi sijui Nsimire ameona nini. Sijamuuliza, na wewe pia hujamuuliza, ila wewe umekwisha kucheka. Leo nenda ukae naye mchezo mzima, uliza, kisha unyamaze mpaka amalize kusema.

Mungu akupe afya na kazi ya kukutunza. Akupe watu wa kula nao, na pale utakapokosea, akutumie mtu wa kukurudisha njiani bila kukuvunja. Nenda na amani yangu, mwanangu.