Mlango Uliokwenda Mahakamani

Siku askari walipoung'oa mlango wetu pale Busunzu tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu niliyekuwa nimembeba mgongoni, askari wawili kutoka Kibondo, na bibi jirani aliyekuja na kisu mkononi kwa sababu alikuwa anamenya ndizi. Baba na mama walikuwa wameshakufa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili nibaki na hawa watatu.

Jioni iliyotangulia, tukiwa tunapika maharage, watu wawili walikuja wakitaka baiskeli ya baba. Nilikataa kufungua. Mmoja akasema, "Fungua, dada, tusichoshane." Sauti yake niliijua, tulikuwa tukilima kibarua pamoja. Kisha bunduki ikalia mara tatu. Majirani walipopiga yowe, wakakimbia. Huyo niliyemjua alikamatwa alfajiri. Mwenzake hakuonekana, wala bunduki.

Risasi moja ilipita mahali ambapo kichwa cha mdogo wangu wa kike kingekuwa, kama asingeinama kusogeza kuni.

Asubuhi tulikuwa tumeziba matundu ya risasi mlangoni kwa magunzi ya mahindi. Tundu la juu lilibaki wazi. Mtu wa kulifikia nyumbani kwetu alikuwa baba.

"Tunaondoka na huu mlango," askari akasema. "Ni kielelezo."

"Afande, sisi tutalala vipi?"

"Zamani mtu kama huyu alishtakiwa kwa kuharibu mali, akalipa faini, wiki ijayo unamwona mnadani. Sasa adhabu imekazwa. Kupiga risasi nyumba yenye watu ni miaka mingi ndani. Lakini hakimu lazima aone kwa macho."

"Na magunzi nayo yanatoa ushahidi?" mdogo wangu wa kiume akauliza.

Askari mmoja akacheka. Mimi sikuweza. Kama ningeuzuia mlango, yule mtu angerudi upesi. Kama ningeutoa, mwenzake angetukuta wazi. Nikasema, "Ung'oeni."

Jua halijazama, bibi jirani alirudi na mlango wake mwenyewe kichwani.

"Bibi, na wewe je?"

"Mimi wataniiba nini, meno? Nitaweka ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe mlangoni, na mbwa ninaye. Wenu ukirudi, uniletee wangu."

Mlango wake ulikuwa mfupi kwa nyumba yetu. Tulipanga tofali chini, nami nililala nimeegemeza mgongo hapo miezi yote ya kesi. Mbwa wa bibi akibweka, nilikuwa nahesabu wadogo zangu kwa kuwapapasa.

Siku ya kesi nilitembea hadi Kibondo. Mlango wetu ulikuwa umeegemezwa ukutani mbele ya watu, nikaona aibu kana kwamba wameanika kitanda chetu. Mshtakiwa alisema matundu yale tuliyachimba sisi wenyewe kwa magunzi ili afungwe. Hakimu akasimama, akatia kidole kwenye tundu la juu.

"Mbona hili halina gunzi?"

"Hatukulifikia, mheshimiwa. Nyumbani hakuna mtu mrefu."

Akaandika muda mrefu. Alipotamka miaka, ilikuwa mingi kuliko umri wangu. Nilidhani nitapumua. Lakini yule mtu alipopitishwa karibu yangu na pingu, alisema polepole, "Mwenzangu anapajua kwenu, dada."

Niliomba mlango, nikaambiwa nisubiri rufaa. Niliporudi baadaye, wakasema haupo stoo. Wakati huo bibi alikuwa ameanza kukohoa, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye Muyama, upande wa Kasulu. Aliondoka akiwa bado anaziba nyumba yake kwa ule mtumbwi. Hakunidai. Aliniambia tu, "Ego, ni sawa, mwanangu, walinde."

Nilipopata mbao za kutengeneza mlango mwingine, nilichukua nyundo niung'oe wake nimpelekee. Mdogo wangu wa kike akasimama mbele yangu, mikono ameitandaza kwenye mlango. Nikaiweka nyundo chini. Zile mbao tukazipigilia ndani, juu ya ule ule mlango wa bibi, uwe mnene zaidi.

Mwenye bunduki hajaonekana hadi leo. Mlango wa bibi bado uko kwangu.