Ukuta Tulioufunika Udongo

Mpaka leo nikikumbuka nilichomwambia yule karani, natamani ningekuwa bubu kwa dakika moja tu.

Mimi ni fundi wa mawe, na ndiyo, ni mwanamke. Anayetaka kushangaa ashangae kisha aendelee na safari yake. Wakati huo nilikuwa najenga Kawangware, nyumba ambayo mwenyewe aliota ifike ghorofa ya sita. Tulipomaliza ya tatu tukaambiwa ramani ya mipango imebadilishwa na sehemu ile hairuhusiwi kupita hapo. Kazi ikasimama. Nondo zikabaki zimechomoza juu zikishika kutu, nami nikafunga vyombo vyangu nikarudi kwa mama yangu, mtaa wa mabanda wa Kambi Muru, nikicheka. Nilidhani mambo ya ramani ni shida za wenye magorofa.

Mama alikuwa na nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na baba, na hakuwa na kingine duniani. Kwa nje ilikuwa ya udongo. Kwa ndani ilikuwa ya mawe, na siri hiyo tuliijua sisi na majirani waliokuwa na siri kama hiyo. Kwetu ukionekana unapanga mawe bila kibali, unabomolewa kabla simiti haijakauka. Kwa hiyo watu hujenga kwa ndani: unauacha ukuta wa zamani umesimama, unapandisha wa mawe nyuma yake, polepole. Mawe yetu yalikuja miaka kadhaa kabla ya hapo, kwa mkokoteni, yamefunikwa nguo za mitumba kana kwamba tunatoka Soko la Toi. Nikianza kupiga nyundo, Mama alifungulia redio nyimbo za injili mpaka mwisho. Jirani mmoja alikuja kutupongeza kwa kuokoka.

Ukuta mpya ulikula chumba. Kitanda cha Mama kikakosa nafasi, ikabidi nikipunguze kwa msumeno upande wa miguuni, na tangu hapo akawa analala amejikunja. Hakulalamika hata siku moja. Kila mvua za masika zikiisha, alikandika upya udongo wa nje kwa mikono yake ili jiwe lisichungulie popote.

Basi asubuhi moja akaja karani wa mipango ya mji, amevaa koti la kung'aa, tableti mkononi. Alikuwa anapita mlango kwa mlango.

"Niaje, mathe. Hii nyumba ni ya mawe ama ni ya udongo?"

Mama akasimama akaujaza mlango wote. "Udongo, mwanangu. Si unajionea?"

Karani akanigeukia mimi. Nilikuwa nimetoka kuziba ufa wa ndani, simiti bado iko kwenye kucha, nikaficha mikono nyuma.

"Ni udongo tu," nikasema. "Mawe sisi tutatoa wapi?"

Akabonyeza tableti, Mama akaweka kidole kuthibitisha, karani akaenda zake. Tulipofunga mlango tulicheka mpaka Mama akajishika mbavu.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa kanisa. Barabara mpya itapita kwetu. Nyumba zote za udongo zilizo kwenye mstari wake zitaondolewa. Za mawe zitaachwa, barabara itazikwepa, na zisizo na kibali zitapewa muda wa kukiomba. Nililisoma mara tatu. Nikaketi palepale chini, kwenye matope. Mama akaniuliza linasemaje.

Nilikimbia nyumbani nikashika nyundo na patasi. Nilibandua udongo kama mwendawazimu, unaniingia machoni, nami nalia na kujitukana. Nikatazama kando nikaona majirani nao wanabandua. Kichochoro kizima kilikuwa vumbi. Ukuta ulipobaki wazi, Mama alitoka akasimama mbali kidogo. Tangu niujenge alikuwa ameuona kwa ndani tu.

"Kumbe ni nzuri hivi," akasema.

Sijawahi kusifiwa kazi nikaumia vile.

Karani nilimkuta kwenye hema lao karibu na reli, mtaa wa Laini Saba. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Madam, hapa imeandikwa udongo, na ni nyinyi mlisema. Hizi mawe zikitokea leo, system itasoma mmejenga baada ya hesabu. Hiyo ndiyo imekatazwa kabisa."

"Lakini huo ukuta una miaka!"

"Nani aliuona?"

Hakuna aliyeuona. Tulikuwa tumehakikisha.

Tingatinga lilikuja saa tatu asubuhi. Nyumba za udongo zililala moja baada ya nyingine kwa kusukumwa mara moja. Likafika kwetu, likasukuma, likanguruma, likarudi nyuma. Ukuta haukutikisika. Likasukuma tena, moshi mweusi ukatoka, watu wakaanza kupiga kelele za kushangilia, na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilijivuna.

Dereva akashuka. Akaugusa ukuta kwa kiganja, akamtazama Mama aliyekaa juu ya kile kitanda kifupi, nje, katikati ya vyombo vyake.

"Mathe, hii ni mawe! Nani aliambia watu wa hesabu ni udongo?"

Mama hakuniangalia.

"Ni udongo, mwanangu," akasema. "Endelea tu."