Neno "tafadhali" lilivyotaka kumkosesha binti yangu treni Riyadh

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalitokea mbele ya macho yangu. Anayebisha aje Tanga aulizie nyumba ya vigae vya bluu, ataletwa mpaka mlangoni.

Mimi nina Diploma ya logistics. Nilifika Bandari ya Jeddah bila mjomba wala kigogo wa kunishika mkono, nikarudi mtu kamili.

Kabla sijarudi niliwaleta mke wangu na binti yetu Nasra, wa miaka mitano, kunitembelea. Siku yao ya mwisho ilitukuta Riyadh kwa shemeji Hamadi, kaka wa mke wangu, dereva huko mtaa wa Al-Suwaidi.

Akatupeleka kwenye bustani ya reli ndogo. Misikiti kimo cha goti, stesheni kama kabati. Treni inabeba watu, ila mtu mzima akikaa magoti yanagusa masikio.

Nasra alitaka kupanda hiyo tu. Kesho yake asubuhi walikuwa na ndege.

Watu walijaa. Nikataka kuongea nao Kiarabu, Hamadi akanizuia.

"Shemeji, tulia. Kiarabu na Kiswahili tumbo moja."

Treni ikaja. Akamgeukia baba mmoja mwenye familia, akasema, "Tafadhali," yaani atupishe.

Yule baba akashukuru, akapanda na watoto wake wote.

Kwa Mwarabu, neno hilo ni "karibu, tangulia wewe". Bandarini nililijua mapema. Nikamnong'oneza Hamadi.

"Hicho ni Kiarabu cha makuli wa Jeddah," akanijibu.

Mwenye diploma hagombani na ukweni hadharani.

Treni ya pili, "tafadhali". Ya tatu, "tafadhali". Riyadh nzima ikapanda kwa hisani yetu.

"Baba Nasra," mke wangu akasema, "mtoto analia na magharibi hiyo."

Dereva wa treni naye akatangaza: umebaki mzunguko mmoja, halas, basi, watu wakaswali.

Safari hii mzee mmoja akatuonea huruma. Akatuonyesha behewa: "Tafaddal, tafaddal."

Hamadi akatanua mikono kutuzuia. "Na huyu anaomba! Msimpishe, tumesubiri sana."

Mzee anakaribisha, Hamadi anakataa, mimi natafsiri. Honi ikalia.

Kugeuka, Nasra yuko ndani, kabanana na bibi mmoja wa Kiarabu, wanakula tende.

Treni ikaondoka. Tukabaki sisi na yule mzee, tumepishana vizuri sana.

"Umeona?" Hamadi akasema. "Mzee kanielewa."

Funzo: Waarabu walituachia maneno, maelekezo ya kutumia wakaondoka nayo.

Mliofika Uarabuni, neno gani liliwaponza? Ambao hamjatoka, someni taratibu.